Zamu na Herufi Iliyoanguka

Siku hiyo habari haikuletwa na redio. Ilikuja imebandikwa kwenye nguzo ya umeme, hatua sita kutoka benchi la kahawa, karatasi moja nyeupe yenye gundi nyingi kuliko maneno. Watu walipita wakaiangalia kama wanavyoangalia matangazo yote ya ofisi, yaani kwa kisogo, mpaka Nukta alipofika.

Nukta alikuwa mpiga chapa wa ofisi kwa miaka thelathini na moja. Alistaafu yeye, vidole havikustaafu. Mpaka leo akishika kikombe hukigongagonga ubavuni kama anaandika barua ya kumfukuza mtu kazi. Karatasi yenye maandishi haimpiti bila kukaguliwa. Akashusha miwani hadi ncha ya pua, akasoma kwa sauti ili benchi zima lifaidi.

"'Tangazo. Wenye mbwa dume wote waje kuasi leo Jumamosi, saa mbili hadi saa sita, stoo ya mifugo. Huduma ni bure. Mje na mtu wa kuwashika.'"

Benchi zima likageuka kuiangalia nguzo. Hata Wembe, kinyozi ambaye ulimi wake una makali kuliko vifaa vyake, alibaki na kikombe hewani.

"Rudia hapo kwenye kuasi," akasema.

"Waje kuasi."

"Haya. Miaka yote naingoja siku ambayo ofisi itatuita kuasi, kumbe sifa yenyewe ni kuwa na mbwa dume. Mimi sina hata paka."

"Na ni bure," akasema Shoka, muuza nyama, ambaye bucha lake liko ng'ambo ya barabara na aproni yake haijawahi kuwa nyeupe. "Choo cha sokoni unalipia. Kuegesha baiskeli unalipia. Kuasi, karibu, bure."

"Mje na mtu wa kuwashika, lakini," Wembe akakumbusha. "Huo ndio uungwana. Unaasi saa mbili, na wa kukukamata unakuja naye mwenyewe kutoka nyumbani. Wamebana matumizi hawa, si mchezo."

Nukta akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akaenda mpaka kwenye nguzo, akachomeka herufi moja pale ilipokosekana, akarudi akikung'uta mikono kama aliyezika maiti.

"Ni kuhasi," akasema. "Imeanguka he. Na hiyo he ndiyo inayobeba kisu chote. Ukiitoa, mbwa anabaki mzima na serikali ndiyo inayoumia."

Hapo Fundi Msumari akaweka kikombe chini.

Msumari ni seremala wa mabega mapana na nyumba mbili. Ya kwanza iko nyuma ya karakana, ya pili ng'ambo ya soko. Huku watoto wanane, kule watano, na majirani wanasema hesabu bado haijafungwa. Alikitazama kikombe chake kama vile ndicho kilichoandika tangazo.

"Kuhasi," alisema polepole, kama anayetafuna mchanga. "Yaani dume avuliwe udume wake, mchana kweupe, stoo. Na nyinyi mnacheka."

"Hatucheki, fundi. Tunahuzunika kwa meno," akasema Wembe.

Na wote wanne, bila kupanga, wakainama kuangalia chini ya benchi.

Chini ya benchi alilala Zamu, mbwa wa Bi Birika mwenye kahawa: rangi ya kahawia, kichwa kama tofali, mguu wa nyuma umefungwa kitambaa kilichokuwa upindo wa gauni. Alifumbua jicho moja, akaona nyuso nne za wanaume zimemwinamia kwa simanzi, akalifumba.

Bi Birika mwenyewe alikuwa kwenye kigoda chake nyuma ya jiko, anapepea makaa. Jina lake la kweli lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani lilishamezwa na birika. Tangazo alikuwa ameliona kabla ya wote, tangu alfajiri anafika. Aliishia darasa la nne, lakini la nne la zamani, lile la kusoma kweli, na alikuwa amelisoma mara tatu huku Zamu akiinua mguu kwenye nguzo hiyohiyo, kana kwamba anaweka sahihi.

"Bibi," Msumari akageuka. "Usiniambie unafikiria."

"Nafikiria, baba. Wamesema huduma ni bure, nikaanza na hiyo."

Alisema kwa mzaha, maana mzaha ndio mlango anaoutumia kutokea. Lakini moyoni jambo lilikuwa limemkaa kama mfupa. Kila siku, saa kumi na moja alfajiri, Bi Birika hutoka nyumbani na jiko mkono mmoja, birika mkono wa pili, vikombe mgongoni kwenye kikapu. Mikono yake ikiwa imejaa hivyo, anayemfungulia njia ni Zamu. Hamgusi mtu, anatangulia tu na kile kichwa chake cha tofali, na wenye haja zao gizani wanakumbuka kwamba wana haja kwingine. Sasa wiki tatu hizi Zamu alikuwa ametoroka mara tatu. Jike la nyuma ya bucha lilikuwa kwenye siku zake, na harufu ikiita, Zamu hana bibi, hana kazi, hana adabu. Mara ya mwisho alikaa siku nne, akarudi na mguu uliochanwa na waya wa uzio wa watu, na mwenye uzio huo akatuma salamu kwamba mara ya nne atamwekea nyama yenye dawa.

"Hebu tulizungumze kiume," akasema Msumari.

"Tulizungumze," akasema Bi Birika, akimimina. "Mbwa wangu, jiko langu, benchi langu. Kiume ndiyo lugha yenu, endeleeni."

"Huyu ni mlinzi. Ukimhasi, ukali wote umekwisha. Mwizi atapita, yeye atabweka kama anaomba radhi."

"Sauti inatoka kooni, fundi. Au wewe mwenzetu unapogombana na wateja unaitolea kwingine?"

Shoka alicheka mpaka kahawa ikampalia. Alipopata pumzi akainua kidole, maana hapo palikuwa panahitaji mtaalamu.

"Mimi nawaambia jambo moja la kazini. Maksai. Ng'ombe aliyehasiwa. Analima kutwa, hagombani, na nyama yake inakatika kwa kisu butu. Fahali je? Kupiga kwato, kukoroma, kuvunja zizi, na ukimchinja ni kama unakula kiatu."

"Sisi hatumli Zamu," akasema Wembe.

"Nimetoa mfano."

"Mfano wako una pilipili na limao, ndugu. Mbwa mwenyewe amefumbua macho yote mawili."

"Mcheke tu. Nyuma ya bucha langu kuna watoto saba wa mbwa, wa msimu uliopita, wote vichwa vya tofali. Sijamtaja mtu. Mwenye macho haambiwi tazama."

Msumari akajivuna kana kwamba wale saba ni wajukuu zake. "Mnaona? Saba, mpigo mmoja. Hicho ni kipaji, na nyinyi mnataka kukikata."

"Saba, na wa kuwalisha ni nani?" akauliza Bi Birika.

"Mungu hamwachi mja wake."

"Mungu hawaachi, kweli. Baba yao je?"

Hapo benchi lote likatazama upande mwingine, kwa heshima ya nyumba mbili. Msumari akakohoa, akaja na hoja nyingine.

"Bibi, wahenga walisema, ng'ombe haelemewi na nunduye."

"Walisema. Lakini nundu haimtoi ng'ombe zizini ikampitisha kwenye nyaya za watu."

"Mungu amemuumba kamili."

"Na nywele ulizaliwa nazo, fundi. Mbona kila Ijumaa unampelekea Wembe?"

"Mimi msinitie humo," akasema Wembe haraka. "Mimi nakata kinachoota tena. Hizo kazi za mkato mmoja nawaachia wenyewe."

Nukta, aliyekuwa akigonga kikombe muda wote kama anachukua kumbukumbu za kikao, akainua mkono. "Naomba kikao kirudi kwenye mada. Swali si kama, swali ni lini. Zamani niliwahi kuchapa waraka wa mifugo. Mbwa mwenye umbo kubwa asihasiwe angali mtoto, mifupa haijashikana. Angoje mwaka, mwaka na nusu. Huyu ana umri gani?"

"Mwaka na miezi minane."

"Basi kwa waraka ule, ameiva."

"Ameiva," Msumari akarudia kwa uchungu. "Kama ndizi. Sawa, basi tusimkatalie bibi, tumwombe muda tu. Mwache kwanza aonje vizuri, ajue dunia ina nini, halafu mwakani tutazungumza."

"Hao saba nyuma ya bucha aliwapata kwa njia ya posta?" akauliza Shoka.

"Aonje zaidi, basi. Aridhike, atulie mwenyewe."

Bi Birika akaacha kupepea. "Fundi, wewe ulipoonja uliridhika, ukatulia?"

Wembe akainuka, akazunguka nguzo ya umeme mzunguko mzima, akarudi akakaa. Kuna vicheko ambavyo mtu akivicheka amekaa vinamvunja mbavu.

"Mimi ni binadamu," akasema Msumari.

"Ndiyo maana hujawekewa nyama ya sumu."

Wakasogoa hivyo hadi jua likahamia upande wa bucha. Wembe alipendekeza iundwe kamati, mwenyekiti awe mbwa. Shoka alipendekeza Zamu afungwe mnyororo. Nukta akamkumbusha kwamba mnyororo wa kwanza ulishakatwa na wa pili uliondoka na mbwa, pamoja na nguzo ya uzio. Msumari alisema mwanamume hatibiwi tabia kwa kisu. Nukta akasema saa tano na robo, na stoo inafungwa sita.

Bi Birika alisikia saa, akajifanya hakusikia. Hoja za wanaume hazikumsumbua. Kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi. Kilichomshika mguu ni kingine. Dawa ya usingizi, ile wanayoiita nusu kaputi. Aliwahi kumsindikiza mtu mmoja hospitali, akaambiwa ni kijipasuo kidogo, usingizi wa nusu saa. Mwenyewe aliingia akimtania kwamba asimalize kahawa yote. Nusu saa hiyo haikuisha mpaka leo, na mtu huyo alikuwa mumewe. Sasa waje wamlaze na Zamu, naye arudi nyumbani na kamba mkononi? Alfajiri atatangulia nani?

Hili hakulisema. Ukilisema benchini, wanaume wanne wanavua kofia, na kahawa inapoa.

"Mwacheni alale," akasema tu. "Wiki ijayo labda."

Msumari akapiga paja kwa ushindi. "Haya. Hekima ya wakubwa."

Ushindi ulidumu muda wa funda moja. Kutoka nyuma ya bucha jike lilibweka, mara moja tu, fupi, kama mtu anayeita teksi. Kichwa cha tofali kikainuka chini ya benchi. Zamu akatoka, akasimama kwa miguu mitatu, pua juu, na kabla Bi Birika hajamaliza kutamka jina lake mbwa alikuwa barabarani.

Lori la mchanga lilikuwa linashuka.

Walisikia breki kabla ya kuona. Mchanga ukamwagika mbele ya gari kama maji. Bi Birika alisimama na kifuniko cha birika mkononi, hakumbuki alikitoa saa ngapi, na vumbi lilipokaa akamwona Msumari amepiga magoti katikati ya barabara, mkono mmoja umeshika ukanda wa shingo ya Zamu, mwingine umeegemea bampa ya lori kana kwamba yeye ndiye aliyelisimamisha. Kati ya gurudumu na mkia wa mbwa palikuwa na nafasi ya kupitisha sahani.

Dereva alitoa kichwa akasema maneno ambayo hayahitaji kuandikwa. Zamu hakumtazama dereva, wala lori, wala bibi yake. Alikuwa anatazama bucha, na mkia unapiga.

"Umemwona?" Bi Birika akauliza, sauti haina mzaha hata kidogo. "Hata sasa hajajua kama alikuwa afe."

Akafunika birika, akafunga kanga kiunoni.

"Fundi, usimwachie."

"Simwachii, bibi."

"Hivyohivyo. Twende."

"Twende wapi?"

"Stoo si hiyo hapo pembeni? Wamesema tuje na mtu wa kumshika. Umeshamshika."

Msumari akatazama benchi, akitafuta wa kumpokea. Wembe akakumbuka kwamba ana mteja, tangu jana. Shoka akasema mikono yake inanuka nyama, mbwa atapata mawazo. Nukta akasema yeye uti wa mgongo. Na Msumari hakuweza kumwachia mbwa bila kuonekana kwamba anaogopa kisu ambacho hakikuwa chake.

"Nakwenda," akatangaza, akijinyoosha, "lakini si kwa ajili hiyo. Nakwenda kumwambia huyo bwana mifugo ukweli wake. Tangazo lilisema kuasi, nami nakwenda kuasi."

"Nenda uasi, baba," akasema Bi Birika. "Ila ukanda usiuachie."

Stoo ya mifugo ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya dawa na majani makavu, meza ya bati katikati, ndoo tatu, na karatasi za fomu zimewekewa jiwe juu zisipeperuke. Msichana wa makoti mawili, moja jeupe na moja la plastiki, alikuwa ananawa hadi viwiko.

"Tunamtaka bwana mifugo," akasema Msumari kwa sauti aliyoitayarisha njia nzima.

"Ndiye mimi. Nani anahasiwa?"

"Mbwa," akasema Msumari, haraka kuliko ilivyohitajika.

Hotuba ikamwishia hapohapo. Kuasi mbele ya bwana ni jambo moja. Kuasi mbele ya binti aliyeshika mkasi, tena umri wa mwanao wa tatu, ni jingine.

Bi Birika ndiye aliyezungumza. Akauliza yote aliyokuwa nayo. Umri? Umefika, mifupa imekomaa. Ataacha kulinda? Hapana, mama, ulinzi ni tabia na malezi. Ataacha kuzurura? Atapunguza, lakini si kesho. Kwa mwezi mzima bado mwili una akiba ya zamani, kwa hiyo mfunge, na usimwamini. Kisha akauliza lile lenyewe, akijifanya anakunja pindo la kanga.

"Na huo usingizi. Ataamka?"

Msichana akaacha kunawa. Hakucheka, na Bi Birika akampenda kwa hilo.

"Wengi wanaamka, mama. Mimi leo nimelaza kumi na mmoja, na kumi na mmoja wameondoka kwa miguu yao. Lakini siwezi kukuahidi kitu ambacho hakiko mkononi mwangu. Nitakachokuahidi ni kwamba sitamwacha mpaka afumbue macho. Na huo mguu nitaushona hapohapo, akiwa hana habari."

Bi Birika akamwangalia Zamu. Zamu alikuwa anaangalia dirisha, upande wa bucha.

"Mlaze," akasema.

Akamshika mbwa kichwa, mkono chini ya taya, akimnong'oneza mambo ambayo Msumari hakuyasikia. Msichana, sindano mkononi, akamwonyesha seremala meza ndogo kwa kidevu. "Baba, nisaidie kujaza fomu. Andika hapo juu jina, jinsia, rangi, umri, na tabia. Nitagonga muhuri nikimaliza."

Msumari akaondoa jiwe, akachukua fomu. Ilikuwa imechapwa na mkono uleule ulioandika tangazo, usio na urafiki na he. Mstari wa kwanza ulisema JINA LA MUASIWA. Akaukodolea macho.

"Muasisi," akasoma. Akaisoma tena, na mabega yaliyokuwa yameshuka yakaanza kupanda. "Kumbe wanaandika mwasisi."

Akageuka kuangalia chumba, akahesabu. Wale kumi na mmoja walitoka mitaa mingine. Kutoka mtaa wa benchi la kahawa, mbwa wa kwanza kuletwa ni huyu, na aliyemleta, aliyemtoa chini ya lori kwa mkono wake, ni nani? Akalamba ncha ya kalamu. Akaandika kwa herufi kubwa, zilizonyooka kama mbao zilizopigwa randa: FUNDI MSUMARI. Mistari ya chini akajaza habari za Zamu.

Bi Birika aliona. Toka pale alipoinama aliona kila herufi. Akafungua mdomo amwambie. Wakati huohuo kichwa cha Zamu kikaanza kuwa kizito mkononi mwake, kizito kama kitu kisicho na mwenyewe, naye akaufunga mdomo. Mtu ana mikono miwili tu, na moyo mmoja, na vyote vilikuwa vimeshika mbwa.

Wakangoja nje kwenye gogo. Kila chombo kilipogonga bati ndani, Msumari alikutanisha magoti. Bi Birika alihesabu mchwa waliokuwa wakipita, akafika mia mbili na nne, akapotea, akaanza upya.

Mlango ulipofunguliwa, Zamu alikuwa kwenye toroli la stoo, ulimi nje, shingoni amevishwa ndoo ndogo iliyokatwa kitako, ili asiufikie mshono. Macho yalikuwa yamefumbuka, lakini hayamtazami mtu. "Ameshaamka, bado hajarudi tu," akasema msichana. "Mwite jina kila mara. Akiitikia, ujue amefika." Akampa Msumari cheti kilichogongwa muhuri, akafunga stoo, akapanda pikipiki yake. Ilikuwa saa sita na dakika tano.

Benchini waliwapokea kama wanaotoka vitani. Wembe alileta maji kwenye kifuniko. Shoka alileta mfupa, akakatazwa, akabaki nao mkononi. Bi Birika akaketi chini kabisa, karibu na toroli, akaita. "Zamu." Hakuna. "Zamu, baba." Sikio halikutikisika.

"Cheti kiko wapi?" akauliza Nukta, ambaye karatasi ilikuwa ikimwasha. "Nikague."

Msumari alikitoa kwa maringo. "Soma hapo juu kwanza. Kwenye mwasisi."

Nukta akashusha miwani. Akasoma mstari wa kwanza kimoyomoyo. Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma kwa sauti ile ya miaka thelathini na moja ya ofisi, isiyo na huruma wala chuki.

"'Jina la muhasiwa, naongeza he yangu: Fundi Msumari. Jinsia, dume. Rangi, kahawia. Umri, mwaka na miezi minane. Tabia kabla ya upasuaji: hakai nyumbani, anaruka uzio. Imethibitishwa kwamba aliyetajwa hapo juu amehasiwa leo kikamilifu. Kwa siku kumi asikimbie, asiruke, asipande ngazi, ili nyuzi zisikatike. Asirambe.'"

Kwa mara ya kwanza tangu benchi lile lipigwe misumari, Wembe alikosa la kusema.

"Lete hapa," akasema Msumari.

"Kina muhuri," akasema Nukta, akikiinua juu. "Waraka wenye muhuri haufutwi kwa mkono. Unaandikiwa barua."

"Nitarudi stoo."

"Imefungwa mpaka Jumatatu. Mpaka hapo, kisheria, pole sana."

Na kama ilivyo desturi ya mambo yanapoharibika kuharibika na mashahidi, mke mkubwa wa Msumari alikuwa anatoka sokoni na kikapu. Alisikia jina la mumewe likisomwa kama la mgombea, akasogea. Akamsalimu Bi Birika kwa adabu, akachukua karatasi mkononi mwa Nukta, naye Nukta akaachia, maana huyo ana haki ya kukagua. Akaisoma yote. Akarudi kwenye muhuri. Akaupapasa kwa kidole.

"Wino wenyewe bado mbichi," akasema.

"Mama watoto, hilo ni kosa la fomu."

"Kosa gani, baba watoto? Tabia wameandika sawa." Akakikunja cheti mara mbili, akakitia kifuani. "Wapi hapa wanatoa kopi?"

"Mlango wa tatu baada ya kinyozi, shemeji," akasema Wembe, sauti imemrudia.

"Natoa mbili. Moja nabandika mlangoni kwetu. Ya pili nampelekea mwenzangu ng'ambo ya soko, asiendelee kuweka maji ya kuoga kila Jumanne. Naye ajue kwamba zamu imefungwa. Hakuna tena zamu."

Kwenye toroli, ndani ya ile ndoo, sikio moja likasimama. Kisha la pili. Kichwa cha tofali kikainuka kikiyumba, macho yakazunguka, yakampita Shoka na mfupa wake, yakalipita bucha, yakamfikia Bi Birika yakatua. Mkia ukagonga bati mara moja.

Bi Birika akaingiza mkono kwenye ndoo akamshika taya. Alikaa hivyo, ameinama, na kama alikuwa analia au anacheka, kanga ndiyo iliyojua.

Msumari hakuona lolote. Mke wake alikuwa ameshapita kwa kinyozi, anahesabu milango, naye akaruka benchi akamfuata mbio.

"Fundi," akaita Shoka nyuma yake, kwa upole wa mtu anayemjali mwenzake. "Polepole. Nyuzi."